Tangazo la Elisabethville: Magazeti na Kifo cha Lumumba

Jumatatu ya tarehe 13 Februari 1961, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, jimbo la Kongo lililokuwa limejitenga, Godefroid Munongo, aliwaita waandishi wa habari mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akawatangazia kifo. Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa Kongo, na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walitoroka kizuizini, alisema, na wanakijiji wakawaua. Jina la kijiji hakulitaja. Makaburi hakuyaonyesha, kwa madai kwamba hataki pageuzwe mahali pa watu kwenda kuhiji. Akaongeza kuwa kijiji hicho kitapewa zawadi ya faranga 400,000 iliyoahidiwa kwa atakayewakamata. Halafu, akijua fika kwamba waliokaa mbele yake hawamwamini, akasema watakuwapo watakaodai kuwa serikali ya Katanga ndiyo iliyowaua, na jibu lake kwao ni kwamba wathibitishe.

Changamoto ile ilichukua miaka arobaini kujibiwa kikamilifu. Wakati huo wote maelezo yake yalikwisha kuchapwa, kusomwa na kuwekwa kwenye makabati ya maktaba, yakawa ndiyo habari ya kwanza ambayo kila mtafiti huanza nayo.

Nimefanya kazi kwenye dawati la habari za nje la gazeti la Kiswahili hapa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Taarifa za mashirika ya London na Paris zilikuwa zikitufikia kwa mtambo wa teleksi, karatasi ndefu inashuka mpaka sakafuni, nasi tunazigeuza Kiswahili kabla ya ukurasa kufungwa. Kazi hiyo hunifanya nimsome Munongo kwa jicho la mtu wa chumba cha habari. Ninaona jinsi tangazo lake lilivyopangwa ili lisiweze kukataliwa. Lina msemaji mwenye cheo, lina tarehe, lina idadi ya fedha, hata cheti cha daktari kilikuwapo. Mhariri wa zamu mwenye dakika ishirini mkononi ataandika "waziri amesema" na kupeleka mtamboni, hata kama moyoni hasadiki neno moja.

Tena mimi ni mtoto wa Kigoma. Baba yangu alikuwa karani katika bandari ya Wabelgiji, ile iliyoitwa Belbase, ambayo Uingereza iliwapa Wabelgiji kwa mkataba wa mwaka 1921 ili mizigo ya Kongo ipite Tanganyika bila kulipiwa ushuru. Julai 1960 Wabelgiji walivuka ziwa kwa mamia wakikimbia maasi ya jeshi, na Kigoma ikawa mahali ambapo habari za Kongo zilifika zikiwa bado na mtu wa kuzisimulia. Waliokuja na masanduku walikuwa na Lumumba wao. Wavuvi na wachuuzi wa kutoka Uvira na Albertville walikuwa na Lumumba mwingine. Magazeti yalimjua mmoja tu, yule wa kwanza.

Na hapo ndipo historia hii inapoanzia, miezi saba kabla ya tangazo la Munongo.

Lumumba mwenyewe alikuwa mtu wa magazeti. Alipokuwa karani wa posta huko Stanleyville, Kisangani ya sasa, aliandika katika majarida ya Wakongo waliosoma, likiwamo La Voix du Congolais, na akahariri jarida la wafanyakazi wa posta. Alijua gazeti linavyoweza kumpandisha mtu na kumshusha. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, alisimama mbele ya Mfalme Baudouin mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kusema hadharani yale ambayo Waafrika walikuwa wamefanyiwa: viboko, matusi, kazi za shurti, ardhi kuporwa. Hotuba hiyo haikuwa kwenye ratiba. Wakongo waliokuwa ukumbini walipiga makofi mara kwa mara. Magazeti mengi ya Ubelgiji yaliandika siku iliyofuata kuhusu mfalme aliyetukanwa, na machache yakajiuliza kama yaliyosemwa yalikuwa kweli.

Siku tano baadaye askari waliasi. Tarehe 10 Julai majeshi ya Ubelgiji yakaingia, na tarehe 11 Moïse Tshombe akaitangaza Katanga nchi inayojitegemea, huku kampuni ya madini ya Union Minière ikimlipa yeye kodi iliyopaswa kwenda Léopoldville. Kuanzia hapo lugha ya magazeti ya Brussels ilibadilika. Lumumba akawa mwendawazimu, akawa mkomunisti, akawa shetani. Katika gazeti la La Libre Belgique, profesa wa falsafa wa Liège, Marcel De Corte, aliandika makala iliyotamani atokee mtu mwenye ujasiri wa kiume wa kuiondolea dunia kiumbe huyo. Huyo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, anaandika katika gazeti la familia za Kikatoliki, linalosomwa mezani na chai ya asubuhi.

Napenda msomaji akae kidogo na jambo hilo. Tunapozungumzia magazeti na mauaji ya kisiasa huwa tunauliza waliandika nini baada ya kifo. Swali la kabla ya kifo ni zito zaidi. Mtu hauawi na serikali ya kigeni akiwa bado anaheshimiwa na wasomaji wa nchi hiyo. Kwanza hutayarishwa. Huondolewa utu wake aya kwa aya, mpaka siku akifa, kifo chake kisomeke kama mwisho uliokuwa ukitarajiwa.

Wakati magazeti yakiandika hadharani, serikali ziliandika kwa siri, na maneno yalifanana. Tarehe 26 Agosti 1960 mkurugenzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, Allen Dulles, alituma simu Léopoldville akisema kumwondoa Lumumba ni lengo la haraka na la kwanza. Mwezi uliofuata mkemia wa shirika hilo, Sidney Gottlieb, alimletea mkuu wa kituo, Larry Devlin, sumu ya kumtilia Lumumba katika chakula au dawa ya meno. Tarehe 6 Oktoba waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, aliandika kwamba lengo kuu ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Wapo Wabelgiji wanaoshikilia hadi leo kwamba alimaanisha kumwondoa katika siasa tu. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na haijanishawishi, kwa sababu wakati waziri anaandika, Lumumba alikwisha kufukuzwa uwaziri mkuu tangu Septemba.

Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka nyumbani mwake, alikokuwa amezingirwa, akaelekea Stanleyville kwa wafuasi wake. Alikamatwa tarehe 1 Desemba kwenye ukingo wa mto Sankuru, na kesho yake akarudishwa Léopoldville. Safari hii kamera zilikuwapo. Filamu ilionyesha askari wakimvuta nywele, mikono imefungwa nyuma, mmoja akimsokomeza kinywani karatasi yenye maneno yake mwenyewe kwamba yeye ndiye kiongozi halali, na mkuu wa jeshi, Mobutu, amesimama pembeni amekunja mikono anatazama. Picha hizo zilienea dunia nzima. Kwa sisi tuliokuwa watoto wakati huo, nyingi tuliziona zikiwa zimekatwa na kubandikwa ukutani, kwenye vinyozi na maduka ya chai, bila maelezo yoyote chini yake. Hazikuhitaji maelezo. Ni mahali pekee katika mkasa mzima ambapo magazeti yaliwapa watu ukweli wote, na yalifanya hivyo kwa sababu mpiga picha hakuwa na muda wa kumuuliza waziri.

Tarehe 16 Januari 1961 d'Aspremont Lynden alituma ujumbe Elisabethville akisisitiza Tshombe akubali kumpokea Lumumba. Kesho yake, Jumanne, wafungwa watatu walipakiwa kwenye ndege ya DC-4. Walipigwa njia nzima hata marubani wakajifungia chumbani mwao. Walitua uwanja wa Luano jioni, na walinzi wa Umoja wa Mataifa, Waswidi, waliona wakishushwa wamefungwa vitambaa machoni. Wakapelekwa nyumba ya Mbelgiji mmoja nje ya mji, wakapigwa tena, mawaziri wa Katanga wakija kuwatazama. Ilipokaribia saa nne usiku walisimamishwa kwenye mti, mmoja baada ya mwingine, wakapigwa risasi na askari wa Katanga. Kapteni Julien Gat na kamishna wa polisi Frans Verscheure, wote Wabelgiji, walikuwapo. Tshombe na Munongo walikuwapo.

Baada ya hapo polisi mwingine wa Kibelgiji, Gerard Soete, alifukua maiti pamoja na ndugu yake, wakazikatakata na kuziyeyusha kwa tindikali iliyotoka kwenye kampuni ya madini. Ndiyo maana Munongo hakuwa na kaburi la kuonyesha.

Siku 27 zilipita kati ya risasi na tangazo. Kwa siku hizo Katanga iliendelea kuwaambia waandishi kwamba wafungwa wako salama mahali pa siri. Tarehe 10 Februari ikasema wametoroka kwa gari. Tarehe 13 ikasema wameuawa. Hadithi ilitolewa kwa sehemu, na kila sehemu ilipata siku yake ya kuchapwa. Nikiitazama kama mtu wa magazeti, naona kwamba aliyeipanga alizijua vizuri saa za kufunga kurasa. Katanga haikuwa na uhaba wa washauri. Kila ofisi ya waziri ilikuwa na Mbelgiji wake, na huko New York Mbelgiji mwingine, Michel Struelens, aliendesha ofisi ya habari ya Katanga iliyowagawia wahariri wa Marekani vijitabu na taarifa zinazomsifu Tshombe kama rafiki wa Magharibi.

Munongo mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi akaanzisha ufalme wa Garenganze katikati ya karne ya 19. Msiri alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa Mbelgiji wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold na kubebwa na wapagazi kutoka Zanzibar na Bagamoyo. Sijui mjukuu aliwazaje akilini mwake aliposimama kuwafichia kosa watu wa nchi iliyomuua babu. Naliandika hili kwa sababu katika makala za Ulaya Munongo hutokea kama mtu asiye na asili, mkatili wa msituni tu, na sura hiyo iliwafaa sana waliokuwa nyuma yake. Kadiri Mwafrika anayesoma tangazo anavyoonekana mshenzi, ndivyo Mzungu aliyeliandaa anavyosahaulika.

Habari ilipotoka, mitaa haikusubiri uthibitisho. Ubalozi wa Ubelgiji ulivamiwa Cairo na Belgrade. Tarehe 15 Februari Wamarekani weusi, Maya Angelou na Abbey Lincoln wakiwa miongoni mwao, walipiga kelele katika roshani ya Baraza la Usalama jijini New York mpaka kikao kikavurugika. Maofisa na magazeti walisema wamechochewa na wakomunisti. James Baldwin aliwajibu katika New York Times mwezi Machi, akieleza kwamba mtu mweusi wa Harlem hahitaji kutumwa na Moscow ili aumizwe na kifo hicho. Moscow nayo ilikuwa na shabaha yake. Serikali ya Kisovieti ilimtupia lawama Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ikadai afukuzwe, na magazeti yake yakafuata. Kwa siku nyingi jina la Hammarskjöld lilipigiwa kelele kuliko la d'Aspremont Lynden. Umoja wa Mataifa ulimwacha Lumumba, hilo halina ubishi, lakini kumbebesha Hammarskjöld mzigo wote kuliwapa waliotoa amri nafasi ya kupumua. Gazeti linaloegemea upande wa marehemu linaweza nalo kumficha muuaji.

Mwezi Septemba mwaka huohuo waandishi waliokuwa uwanja wa ndege wa Ndola walituma habari kwamba Hammarskjöld amewasili kukutana na Tshombe. Ndege yake ilikuwa imeanguka msituni karibu na mji huo, naye amekufa. Kumbukumbu hiyo inatosha kuonyesha habari za Kongo zilivyokuwa zikiandikwa mwaka ule.

Uchunguzi haukuchelewa sana kama tunavyodhani. Novemba 1961 tume ya Umoja wa Mataifa ilisema hadithi ya kutoroka si ya kweli, na kwamba kwa kila dalili Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Kwa hiyo mwaka haukuisha kabla maelezo ya Munongo hayajavunjwa na chombo rasmi. Lakini ripoti ya tume haina uzito wa ukurasa wa mbele. Tangazo la uongo lilitoka likiwa habari ya kifo, ukweli ukatoka ukiwa habari ya ripoti, na mhariri yeyote anajua ipi husomwa.

Mwaka 1966 kilitoka Brussels kitabu kinachosimulia siku 50 za mwisho za Lumumba, waandishi wakiwa wamejificha nyuma ya majina ya bandia. Mmoja wao, Jacques Brassinne, alikuwa ofisa wa Ubelgiji Katanga wakati wa mauaji. Maelezo yake yalijaa mambo mengi ya kweli, na kwa miaka mingi waandishi wa habari waliyategemea, ila yaliuweka uamuzi mikononi mwa Wakongo peke yao. Mwaka 1975 kamati ya Seneta Frank Church huko Washington ilifichua sumu ya Gottlieb na simu ya Dulles, ikasema kuna sababu ya kuamini Rais Eisenhower aliruhusu mpango huo, ingawa haikuona ushahidi kwamba CIA ilishika bunduki siku yenyewe. Ripoti ilimwita Devlin kwa jina la bandia. Baada ya hapo, kwa msomaji wa magazeti ya Kiingereza, Lumumba akawa hadithi ya CIA, na Ubelgiji ikatulia kando kwa robo karne nyingine. Huo ndio ubaya wa kufichua nusu.

Aliyeirudisha Ubelgiji katikati ni mtafiti Ludo De Witte, kwa kitabu chake cha mwaka 1999 kilichotegemea nyaraka za serikali yake mwenyewe. Bunge la Ubelgiji liliunda tume, na Novemba 2001 tume ikakubali kwamba mawaziri kadhaa wa Ubelgiji wa wakati huo wana dhamana ya kimaadili, na kwamba ikulu ya mfalme ilijua Lumumba yumo hatarini ikanyamaza. Februari 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, aliomba radhi. Neno "kimaadili" lilichaguliwa kwa makini, maana dhamana ya kimaadili haimpeleki mtu mahakamani.

Lubumbashi haikusubiri tume. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huo, alichora historia nzima ya nchi yake kwenye picha zipatazo mia moja, akamsimulia mtaalamu Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Katika mojawapo Lumumba, Mpolo na Okito wamelala wamekufa, na nyuma yao kilimani kuna misalaba mitatu. Hakuna mwanakijiji wala zawadi ya faranga 400,000. Tshibumba alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu tu siku ya tangazo, mzaliwa wa mji uleule ulioandaa tangazo hilo, na alichochukua humo kilikuwa kile watu walichoambiana majumbani. Kinanigusa sana kwamba habari sahihi ilihifadhiwa kwa lugha yetu, kwa rangi, kwenye turubai za bei nafuu zilizouzwa mitaani, wakati maktaba za Brussels zilikuwa zimejaa magazeti yenye habari ya uongo.

Hapa Dar es Salaam makao ya TANU yalikuwa kwenye mtaa uliopewa jina la Lumumba, na kwa miaka mingi vichwa vya habari vya gazeti la chama vilitungwa humo. Waandishi vijana walipita kila siku chini ya kibao hicho. Nilizoea kuwauliza wale waliokuja kujifunza kwenye dawati letu ni nani alimuua mtu aliyeandikwa pale. Karibu wote walijibu Mobutu. Wachache walijibu CIA. Sikumbuki aliyejibu Ubelgiji. Siwalaumu, kwa sababu walirudia kilichokuwa kimechapwa, pamoja na kurasa zetu.

Gerard Soete alibaki na meno ya Lumumba. Alisimulia mkasa huo katika riwaya aliyoitoa mwaka 1978, akakiri mbele ya kamera kabla ya kufa, na mwaka 2016 polisi walilikamata jino moja kwa binti yake baada ya kulionyesha kwa jarida la Kibelgiji. Tarehe 20 Juni 2022 jino hilo lilikabidhiwa kwa familia mjini Brussels, likazikwa Kinshasa siku kumi baadaye.

Wenzangu mnaoketi sasa kwenye dawati la habari za nje, siku msemaji wa serikali atakapowaletea kifo chenye msemaji, tarehe na kiasi cha fedha, lakini hakina mahali wala mwili, andikeni katika sentensi ya kwanza kwamba mahali na mwili havikuonyeshwa, na msiipeleke sentensi hiyo mwisho wa habari. Kisha tafuteni washauri wa msemaji wanatoka nchi gani. Tshombe alikufa kizuizini Algeria mwaka 1969. Munongo alikufa mwaka 1992. Juni 2025 waendesha mashtaka wa Ubelgiji waliomba Étienne Davignon, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana wakati ule na ambaye alikana kuhusika, afikishwe mahakamani akiwa na umri wa miaka 92. Tangu mwaka 1961 hadi ombi hilo, hakuna mahakama ya nchi yoyote iliyokuwa imemtia mtu hatiani kwa kifo cha Patrice Lumumba.